JE, ANYAMAZAYE KATIKA SHAURI AMERIDHIA?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada: Ndugu zetu wengi hukaa katika kamati, ya msikiti, au ya wakfu, au ya madrasa, au ya mtaa, na wengine wamejaaliwa kukaa katika mabaraza ya serikali, hapo panapokatwa mashauri ya maji na njia na hospitali na fedha za watu. Na katika vikao hivi vyote imekuwa ada, mwenyekiti akisha kusema lake huuliza, "Kuna mwenye neno?" na huku mkono wake wafunga daftari. Watu wakinyamaza husema, "Basi tumewafikiana." Twataka katika waraka huu tuutizame muwafaka wa namna hiyo, kama ni muwafaka au si muwafaka, na mtu aliyekuwa na neno akalimeza, je, yumo katika lawama ya litakalotokea, au hayumo?

Wenye kusema kuwa kimya ni ridhaa hushika hukumu ya mwanamwari katika nikaha, kwamba akitakwa idhini akanyamaza, kunyamaza kwake ni idhini. Na hukumu hiyo ni sahihi. Lakini yafaa tukumbuke sababu yake: sharia imechunga haya ya mwanamwari, ikamwondolea uzito wa kutamka. Ama mwanamke aliyekwisha kuolewa zamani, huyo kimya chake hakitoshi, lazima aseme kwa ulimi wake. Basi ikiwa mwanamke aliyejua dunia hawi ameridhia mpaka aseme, vipi wazee wenye ndevu wanaosimamia mali za watu wahisabiwe kwa hukumu ya mwanamwari?

Na katika elimu ya usuli wanavyuoni wameijadili mas'ala hii kwa urefu, katika mlango wa ijmai ya kimya: mujtahidi mmoja atoe rai, wenziwe wa zama zake waisikie wasiipinge. Je, hiyo ni ijmai? Imamu wetu Shafii, katika kauli mashuhuri iliyonakiliwa kwake, hakukubali. Kwake yeye mtu asiyesema haegemezewi usemi. Wanavyuoni wa madhehebu baada yake wamekhitalifiana, lakini hoja ya waliokataa ndiyo tunayoitaka hapa. Walisema: mtu hunyamaza kwa sababu nyingi. Huenda yu katika kufikiri bado. Huenda amwona mwenziwe ana haki ya ijtihadi yake ijapokuwa amekosa. Huenda adhani mwingine atajibu, akatosheka. Huenda amwogopa msemaji, au amstahi. Ridhaa ni sababu moja tu katika hizo. Na atakayekitwaa kimya akakiita ridhaa, basi amechagua sababu iliyompendeza nafsi yake na zilizosalia akazitupa.

Mfano wanaoutaja ni wa mirathi. Mwanamke akifa akaacha mume na dada wawili wa baba na mama, mume ana nusu na dada wana thuluthi mbili, na mafungu hayo yazidi mali yenyewe. Sayyidna Umar (r.a.) aliwashauri sahaba, ikakatwa kuwa mali igawanywe mafungu saba badala ya sita, kila mmoja apunguziwe kwa kadiri yake, na hiyo ndiyo auli, ambayo madhehebu zetu nne zaifuata mpaka leo. Yasimuliwa kwamba Ibn Abbas (r.a.) baadaye aliikhalifu, na alipoulizwa kwa nini hakusema zamani za Umar, alijibu kuwa alimwogopa kwa haiba yake. Wako waliotia kasoro sanadi ya habari hiyo, kwani Umar ndiye aliyekuwa akimketisha Ibn Abbas pamoja na wazee wa Badri, naye yungali kijana, ili apate kusikia rai yake. Lakini hata kwa aliyeitia kasoro, maana yake haitupiki: ikiwa yawezekana kwa mtu kama yule, mbele ya mtu kama yule apendaye kuambiwa kweli, je, itakuwaje mbele ya mwenyekiti asiyependa?

Sasa twatoka katika vitabu tuingie katika habari ya serikali moja ya zama zetu, ambayo imeandikwa na wenyewe waliokuwamo, hata twajua nani alinena na nani alinyamaza. Nayo ni habari ya Marekani na Kuba katika mwaka 1961.

Rais John Kennedy alishika utawala Januari 20, 1961, akakuta katika idara ya ujasusi shauri lililokuwa likipikwa tangu siku za Rais Eisenhower aliyemtangulia: kuwapa silaha Wakuba waliokimbia nchi yao, wapate kurudi kumpindua Fidel Castro. Watu wenyewe walikuwa kadiri ya 1,400. Kwanza ilikusudiwa washuke karibu na mji wa Trinidad, penye milima ya Escambray, ili wakishindwa wapande milimani. Kennedy akaona mahali hapo patatoa kelele nyingi, na mkono wa Marekani utaonekana. Basi mahali pakabadilishwa, wakapelekwa Bahía de Cochinos, yaani Ghuba ya Nguruwe. Lakini lile neno la kukimbilia milimani likabaki katika fikira za watu kana kwamba lingali pale pale, na baina ya ghuba hiyo na ile milima mna maili 80 za vinamasi na misitu. Mwenye ramani angeliyaona hayo kwa kutia kidole tu.

Wakashuka Aprili 17. Siku ya tatu yake mambo yalikwisha: waliokufa katika wao 114, na waliotekwa karibu 1,200, wakakaa gerezani mpaka Desemba 1962, wakakombolewa kwa chakula na madawa ya thamani ya dola milioni 53.

Waliolikata shauri hili hawakuwa wajinga. Walikuwamo maprofesa, na wakuu wa majeshi, na waziri wa ulinzi aliyesifika kwa hisabu. Wala haikuwa kwamba hapana aliyeona kosa. Waziri wa mambo ya nje, Dean Rusk, alikuwa na mashaka, wala hakulipinga wazi. Naibu wake, Chester Bowles, alihudhuria kikao kimoja kwa niaba yake, akashtuka kwa aliyoyasikia, akamwandikia Rusk waraka mwisho wa Machi. Waraka ukaishia kwa Rusk. Arthur Schlesinger, mwanahistoria aliyekuwa karibu na Rais, aliandika kwa mkono wake nyaraka za kupinga, lakini vikaoni alinyamaza. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 1965 amejilaumu sana kwa kimya hicho. Nduguye Rais, Robert Kennedy, alipata khabari ya shaka zake akamwita kando, akamwambia kuwa Rais amekwisha kuazimu, basi asizidi kusukuma jambo. Zingatia hapa, ewe msomaji: hakumwambia kuwa maneno yake si kweli.

Na liko jambo moja dogo katika kisa hiki ambalo mimi naliona kuwa kubwa. Wakuu wa majeshi walitakwa watoe hukumu juu ya shauri la kwanza, wakaandika kuwa lina nafasi ya kufaa kiasi. Mwandishi wa hukumu hiyo, ofisa wa jeshi, alikusudia kuwa katika kumi tatu ni za kufaulu na saba za kushindwa. Lakini hisabu hiyo haikuandikwa, likaandikwa neno tupu. Waliolisoma wakaona ni neno la kutia moyo. Basi hata kusema kwawa kunyamaza, ikiwa mtu amechagua neno laini ambalo kila msikizaji aweza kulijaza apendalo.

Aliyesema alikuwa mmoja. Aprili 4 Rais alimwalika kikaoni Seneta William Fulbright, ambaye hakuwa katika jamaa ile, naye akasema wazi kuwa jambo lile ni ovu kwa asili yake na halilingani na khatari ya Castro. Kisha Rais akawageukia waliokaa mezani, mmoja mmoja, awaulize kama walikubali. Nani ataketi baina ya majenerali na wakuu wa ujasusi, machoni pa Rais mpya apendwaye, akaulizwa kwa neno moja tu, ndiyo au la, naye awe wa kuanza kusema la? Fulbright aliweza kwa kuwa akitoka pale alikuwa na kiti chake kwingine.

Watu wa elimu ya nafsi wameyapima mambo haya. Solomon Asch alitangaza katika mwaka 1951 habari ya jaribio alilolifanya kwa wanafunzi: huonyeshwa mistari, waseme upi ulio sawa na mwingine kwa urefu, jambo asilokosea mwenye macho. Lakini waliokaa pamoja na mwanafunzi walikuwa wamekwisha kupatana wajibu uwongo kwa kauli moja. Ikawa, pale wenziwe walipokosa, jawabu karibu moja katika tatu za wanafunzi zilifuata uwongo. Kisha akatia mtu mmoja wa kusema kweli miongoni mwa waongo. Na kule kufuata kukashuka mpaka kadiri ya 5 katika 100. Mtu mmoja tu! Wala hakuwa mtu wa cheo wala wa ufasaha. Tangu nilipoisoma habari hii nimeona kuwa mwenye neno akilimeza haifichi rai yake peke yake; amezifunga na ndimi za wale waliokuwa wakingoja mmoja aanze.

Mwaka 1972 mwanachuoni wa Kimarekani, Irving Janis, aliandika kitabu juu ya maradhi haya ya jamaa ndogo za watawala, na Ghuba ya Nguruwe akaifanya mfano wake mkuu. Lakini alitia na mfano wa pili, wa watu wale wale kwa sehemu kubwa, katika nchi ile ile, uliotoka kinyume chake.

Oktoba 16, 1962, Kennedy alipewa khabari kuwa Warusi wanaweka makombora ya nyuklia Kuba. Karibu wote, naye mwenyewe akiwamo, kwanza walielekea kuyapiga kwa ndege. Lakini safari hii shauri liliendeshwa kwa namna nyingine. Rais hakuhudhuria baadhi ya vikao, na nduguye ameandika kuwa asipokuwapo watu walisema kwa uhuru zaidi. Vyeo havikufuatwa katika kusema. Waligawanywa mafungu mawili, kila fungu likaandika shauri lake, kisha wakabadilishana karatasi, kila mmoja akatafuta kasoro ya mwenziwe. Robert Kennedy, yule yule aliyemnyamazisha Schlesinger, akawekwa yeye na Theodore Sorensen wawe wa kuuliza maswali magumu. Wakatoka katika kupiga kwa ndege wakaja katika kuzuia meli, na Oktoba 28 Khrushchev akatangaza kuyaondoa makombora. Mwaka 1992 ilikuja kudhihirika kuwa kisiwani zilikuwako na silaha ndogo za nyuklia za vitani ambazo Wamarekani hawakuzijua. Lau wangaliingia nchini kwa nguvu, Mungu ndiye ajuaye pangalisalia nini.

Haifai kuwapamba kuliko haki yao. Adlai Stevenson aliposhauri kuwa Marekani nayo iondoe makombora yake ya Uturuki, alishambuliwa na wenziwe, na baadaye gazetini akafanywa kama mtu mwoga. Na kumbe Oktoba 27 Robert Kennedy, kwa amri ya Rais, alikuwa amekwenda kwa balozi wa Kirusi akamuahidi jambo lilo hilo kwa siri, na wengi katika baraza lile wakafichwa. Basi aliyesema alitukanwa, na rai yake ikatumiwa. Hiyo ndiyo bei ambayo watu huiogopa, wala si bei ya kuwaziwa tu.

Hayo ya kugawa washauri mafungu mafungu huenda msomaji akayadhani ni uzushi wa Wazungu. Na aitizame habari ya Sayyidna Umar alipokuwa akienda Shamu, akafika Saragh, akaambiwa kuwa tauni imeingia nchi ile. Imo katika Sahihi ya Bukhari. Hakuwakusanya watu wote pamoja akasema, "Mimi naona turudi, mwasemaje?" Aliwaita Muhajirina wa kwanza, akawashauri, wakakhitalifiana, akawaambia waondoke. Akawaita Ansari, wakakhitalifiana kama wenzao, akawaondoa. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kufunguliwa Makka, na hao wakawa na rai moja, ya kurudi. Hapana fungu lililosikia jawabu la lililotangulia kabla ya kutoa lake. Na alipotangaza kurudi, Abu Ubaida (r.a.) alimkabili mbele ya watu akamuuliza kama yuakimbia kadari ya Mungu. Umar hakupenda kukhalifiwa naye, lakini hakumnyamazisha kwa cheo. Alimjibu kwa hoja na mfano. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo kwa haja yake, naye ndiye aliyekuwa na hadithi ya Mtume (s.a.w.) katika jambo lile lile. Mashauri matatu yalipita, na elimu ilikuwa kwa mtu asiyekuwapo kikaoni! Ni mara ngapi tumekata jambo la wavuvi hali hapana mvuvi, au jambo la chuo hali mwalimu wa chuo yuko nje hakuitwa?

Sasa turudi katika swali letu. Niionavyo mimi, lawama yagawanyika, na sehemu kubwa yake ni ya mwenye kuuliza. Akianza kwa kutaja rai yake, kisha akatafuta wa kumuunga, huyo hakushauri, amekusanya mashahidi. Na akikitwaa kimya akakiandika katika daftari kuwa ni ridhaa ya wote, amewategemeza watu usemi wasiousema, na katika sharia ya ushahidi twalijua jina la jambo hilo. Lililompasa ni kusema mwisho, na kumwanza mdogo kabla ya mkubwa, na kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo: "Ni lipi laweza kutuharibikia katika hili?" Na jambo likiwa zito, awape usiku mmoja, kila mtu aandike lake kabla ya kusikia la mwenziwe.

Ama mwenye kunyamaza, hukumu yake yafuata hali yake. Asiyejua, kimya chake ni salama, bali ni adabu. Anayejua na akaogopa dhara ya kweli, nafsi yake au riziki ya watoto wake, huyo ana udhuru kwa kadiri ya khofu yake, na Mungu ndiye ampimaye. Lakini wengi katika sisi hatuna khofu hiyo. Khofu yetu ni kuonekana wakaidi, au kuchelewesha chakula, au kumvunjia uso mzee aliyetusaidia jana. Na mtu aliyetakwa ushauri ni mwenye kuaminiwa, wala amana haianguki kwa kuona haya. Wanavyuoni waliosema kuwa asiyesema haegemezewi usemi wamesema pia kuwa kunyamaza mahali penye haja ya kusema ni kusema. Kwa kauli ya kwanza mwenyekiti hawezi kuchukua kimya chako akakifanya hoja yake. Kwa ya pili wewe huwezi kukichukua ukakifanya ngao yako.

Wako waliodhani kuwa dawa ni kumweka mtu mmoja kazi yake iwe kupinga. Rais Johnson, katika shauri la vita vya Vietnam, alikuwa naye George Ball, naibu waziri, aliyepinga kwa kweli na kwa maandishi katika 1964 na 1965. Johnson akamfanya kuwa ndiye mpingaji wa baraza. Ikawa kila asemapo husikizwa kwa adabu, wenziwe wakijua mapema atakalosema, na vita vikaendelea. Upingaji ukiwa cheo huwa kama azana ya saa isiyokuwa ya sala: sauti yasikika, hapana ainukaye.

Limebaki swali moja ambalo nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja: aliyesema asisikizwe, shauri likakatwa kinyume chake, afanyeje? Jawabu limo katika siku ya Uhudi. Mtume (s.a.w.) alielekea kukaa Madina wawangoje adui ndani ya mji, vijana na waliokosa Badri wakashikilia kutoka. Akaingia nyumbani akavaa deraya. Wakajuta, wakaona wamemlazimisha, wakamwambia kuwa akitaka na wakae. Akakataa kuvua baada ya kuvaa, kwa kuwa shauri limekwisha kukatwa. Abdullah bin Ubayyi, ambaye rai yake nayo ilikuwa kukaa, alitoka na watu kisha njiani akarudi na thuluthi ya jeshi, kadiri ya watu 300, akisema kuwa hakusikizwa. Wengine waliokuwa na rai ya kukaa walikwenda, na wako waliokufa. Rai yao na yake ilikuwa moja. Lililowatenga ni walilolitenda baada ya shauri kukatwa.

Na siku hiyo Waislamu walipoteza watu 70. Mtu angedhani kuwa baada ya hapo mlango wa mashauri utafungwa, kwani rai ya wengi ndiyo iliyowatoa mjini. Ile aya ya Aali Imran imwamrishayo Mtume kuwashauri ilishuka baada ya Uhudi, katika aya zizungumzazo msiba wenyewe, pamoja na amri ya kuwasamehe watu hao hao. Wallahu aalam.